Kupogoa Miti ya Maua Nyumbani: Ukate Kiasi Gani, Wapi na Lini

Katika miji yetu mingi, kuanzia Tanga hadi Arusha na kutoka Mombasa hadi Nairobi, mti wa maua uliopandwa uani hupatwa na moja kati ya mambo mawili. Ama huachwa bila kuguswa mpaka matawi yake yanalalia paa na kusugua nyaya za umeme, ama hukatwa kwa panga siku moja hadi ukabaki shina na vigutu vichache. Mwenye nyumba anayeamuru ukataji huu wa pili huwa na nia njema kabisa: anaogopa upepo mkali, anataka mwanga uingie sebuleni, au ameambiwa kwamba mti ukikatwa sana ndipo unapochanua vizuri. Kauli hiyo ni kweli kwa mimea michache. Kwa mingine ni njia ya hakika ya kukosa maua kwa msimu mmoja au zaidi, na ya kuuachia mti majeraha mapana ambayo hautaweza kuyafunga kabla uozo haujaingia.

Kiasi cha kukata hakipaswi kuamuliwa na hamu ya macho kuona umbo la mviringo, wala na ukubwa wa mti peke yake. Huamuliwa na mambo matatu: maua ya mti huo hutokea kwenye tawi la umri gani, mti wenyewe umefikia umri gani, na jeraha litakaloachwa litakuwa na upana gani. Anayeyajua haya matatu atakata bogonvilia kwa ukali bila woga, na ataugusa mjakaranda kwa uangalifu mkubwa.

Mti hujibu vipi unapokatwa sana

Chakula cha mti hutengenezwa kwenye majani, na akiba yake huwekwa ndani ya matawi, shina na mizizi. Ukiondoa nusu ya matawi umeondoa nusu ya majani pamoja na sehemu kubwa ya akiba. Mti hujibu kwa kuamsha macho yaliyokuwa yamelala chini ya gome, na baada ya wiki chache pembeni mwa kila kigutu huchomoza machipukizi mengi yanayokwenda juu wima, yenye majani makubwa na rangi ya kijani iliyokolea. Wengi huyatazama wakasema mti umepata nguvu mpya. Ukweli ni kwamba mti unatumia akiba iliyobaki ili kurudisha majani upesi, na hautajishughulisha na maua mpaka deni hilo lilipwe.

Lipo tatizo lingine linaloonekana baada ya miaka. Tawi lililoota kwa njia ya kawaida hukua pamoja na shina, na kila mwaka nyuzi zake na za shina hufumana, kwa hiyo mshikamano wake huanzia ndani kabisa. Chipukizi lililotoka kwenye kigutu limeshikwa na tabaka la nje tu, na chini yake kigutu chenyewe kinaendelea kuoza. Machipukizi hayo yanapokuwa marefu na mazito, ndiyo yanayochomoka siku ya dhoruba. Hivyo mti uliokatwa kichwa kwa kuogopa upepo huwa wa hatari kuliko ulivyokuwa mwanzo, na mwenye nyumba hulazimika kuukata tena na tena. Pia gome lililozoea kivuli likiachwa wazi ghafla kwa jua la alasiri la mwezi wa Januari au Februari huungua na kupasuka, na mchwa na kuvu hupata mlango.

Hatua ya kwanza: chunguza ua limekaa kwenye tawi gani

Kabla ya kushika mkasi, subiri mti uchanue. Shika kitawi kimoja chenye ua na ukifuate kwa kidole kutoka kwenye ua kurudi nyuma kuelekea shina, ukitazama rangi ya gome na ugumu wa kitawi chenyewe.

Kwenye bogonvilia utakuta kwamba sehemu iliyobeba rangi ni laini, bado ina ukijani, na inapinda bila kuvunjika. Ukirudi nyuma kidogo kitawi hicho kinaungana na tawi gumu la kijivu ambalo lenyewe halina ua hata moja. (Ile rangi ya zambarau, nyekundu au ya machungwa ni ya majani maalumu yanayozunguka ua, ua lenyewe ni dogo, jeupe au la manjano hafifu, limekaa katikati yake.) Huo ni mmea unaotoa maua kwenye chipukizi jipya, na kadiri unavyolazimishwa kutoa machipukizi mapya, ndivyo nafasi za maua zinavyoongezeka.

Sasa nenda kwenye mfrangipani. Kikonyo cha maua kinatokea kwenye ncha kabisa ya tawi nene la kijivu, na nyuma ya ncha hiyo kuna makovu mengi yaliyopangana, kila moja likiwa ni mahali jani la zamani lilipodondokea. Ncha hiyo ilianza kujiandaa muda mrefu kabla ya ua kuonekana. Ukiikata, umelikata ua lenyewe. Chini ya jeraha yatachipuka matawi mawili au matatu, nayo ni lazima yakomae kwanza ndipo yatoe maua. Mjakaranda nao hubeba vishada vyake kwenye ncha za matawi yaliyokua msimu uliopita, mara nyingi kabla majani mapya hayajajaa, na mkrismasi, ule wenye maua mekundu kama moto na maganda marefu ya mbegu yanayofikia nusu mita, hutoa maua kuelekea miisho ya matawi yaliyokwisha kukomaa.

Kalistemoni inasomeka kwa urahisi kuliko yote. Maua yake mekundu huzunguka kitawi, kisha kitawi hicho hicho huendelea kurefuka mbele ya maua na kutoa majani. Mbegu hubaki zimeng'ang'ania mahali pale kwa miaka, kwa hiyo ukihesabu mizunguko ya vidonge hivyo vigumu kutoka nchani kurudi nyuma utajua tawi limechanua mara ngapi.

Usiruke hatua hii hata kama unalijua jina la mti. Majina ya maua katika vitalu vyetu hubadilika kutoka kitalu kimoja hadi kingine, lakini tawi halibadiliki.

Hatua ya pili: amua kiasi

*Mimea inayovumilia ukali.* Bogonvilia inaongoza. Matawi yaliyomaliza kuchanua yanaweza kukatwa hadi yakabaki macho mawili au matatu tu juu ya tawi la msingi, na mmea mzima unaweza kupunguzwa nusu bila madhara. Bogonvilia iliyozeeka, iliyojaa matawi makavu ndani na maua machache kileleni, inaweza kurudishwa hadi kimo cha mita moja hivi, ikasukwa upya. Kinachoinyima maua mara nyingi si kukatwa sana, bali kukatwa kidogo kidogo kila mara: uzio unaonyolewa kila mwezi hupoteza machipukizi kabla hayajafikia umri wa kuchanua. Afadhali ukate kwa nguvu mara moja au mbili kwa mwaka, kisha uache. Ikae juani, na usiimwagilie kupita kiasi, kwa maana udongo unaobaki chepechepe huchochea majani.

Tekoma ya manjano inakatwa vivyo hivyo, nusu au zaidi, nami naongeza sharti moja: ondoa maganda yake kabla hayajapasuka. Mbegu zake husambazwa na upepo, na mmea huu umevamia maeneo mengi ya Afrika mbali na bustani ulikopandwa. Oliyanda hupunguzwa kati ya theluthi na nusu baada ya wimbi kubwa la maua kwisha. Kila sehemu ya oliyanda ina sumu, kwa hiyo vaa glavu, usichome matawi yake moto kwa kuwa hata moshi wake unadhuru, na usiyatupe mahali mbuzi au ng'ombe wanapoweza kuyafikia. Tahadhari hiyo hiyo inaihusu thevetia, yenye maua ya manjano na kokwa ngumu ambazo watoto hupenda kuzichezea.

Lagastromia, mti mdogo wenye vishada vya maua ya waridi, zambarau au meupe, hutoa maua kwenye machipukizi ya msimu huo huo, na kwa sababu hiyo watu wengi hujihalalishia kuikata vichwa kila mwaka. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako mti huu umejaa mbele ya nyumba, wataalamu wa bustani wamepinga desturi hiyo kwa muda mrefu, na sababu zao zinatufaa hata sisi. Mti uliokatwa kichwa huchanua kweli, lakini kwenye fito nyembamba zinazoinama chini kwa uzito wa vishada mvua inaponyesha, na pale panapokatwa kila mwaka hujengeka kinundu kibaya kisichoondoka. Kata vitawi visivyozidi unene wa penseli, ondoa vinavyosuguana, kisha uuache mti ukue.

*Haibiskasi* imo katikati. Maua yake yako kwenye machipukizi mapya, ila haiharakishi: kutoka siku ya kukata hadi kuona maua tena inaweza kuchukua miezi miwili hadi mitatu. Ukiikata yote kwa mkupuo utakaa na kichaka kitupu kwa muda wote huo. Njia bora ni kukata theluthi ya matawi, yale marefu zaidi, kila moja ukilirudisha kwa kiasi cha theluthi moja au nusu ya urefu wake, kisha baada ya wiki sita hivi ukakata theluthi nyingine. Kichaka kinaendelea kuchanua upande mmoja huku upande mwingine ukijijenga.

*Mimea ya kugusa kidogo.* Mfrangipani hauhitaji kupogolewa ili uchanue. Unakatwa kwa sababu tatu tu: tawi linaziba njia, tawi limeoza au kuvunjika, au mti mchanga umerefuka kama fito na unahitaji kupanuka. Ukitaka upanuke, kata nusu ya ncha mwaka huu na nusu iliyobaki mwaka ujao, ili usikose maua kabisa. Vipande ulivyovikata usivitupe. Viweke mahali pakavu penye kivuli kwa wiki moja hadi mbili mpaka mkato ukauke vizuri, kisha uvipande. Kipande kilichopandwa kikiwa bado kinatiririsha utomvu huoza kwa urahisi. Kalistemoni nayo inakatwa nyuma kidogo tu ya maua yaliyonyauka, kabla kitawi hakijarefuka sana. Usishuke hadi kwenye sehemu isiyo na majani kabisa.

*Miti mikubwa.* Hapa pana mkrismasi, mjakaranda na kibobakasi, mti mrefu wenye maua makubwa ya rangi ya machungwa iliyokolea. Nawaomba wenye nyumba wawe wagumu kushawishika hapa, kwa kuwa madhara ya kukosea hudumu miaka mingi. Mjakaranda uliokatwa vigutu hutoa machipukizi wima ambayo hayatarudisha tena ule mwavuli mpana ulioufanya mti upandwe. Mkrismasi na kibobakasi vina mbao dhaifu, na wengine huona hiyo ndiyo sababu ya kuvikata sana, ilhali ni sababu ya kupunguza majeraha mapana yanayooza. Viwango vya wataalamu wa miti nchini Marekani vimekuwa vikitaja robo ya majani kuwa ndiyo kikomo cha kuondoa katika msimu mmoja. Ichukue robo hiyo kuwa ukuta wa mwisho, usiichukue kuwa lengo. Kwa mti uliokomaa, kuondoa matawi makavu, yaliyovunjika, yanayosuguana na moja au mawili yanayogusa paa mara nyingi kunatosha, na kwa mti mzee sana ondoa makavu peke yake.

Robo ni vigumu kuikadiria ukiwa umekwea ngazi, kwa sababu ukiwa ndani ya mti kila tawi linaonekana la ziada. Ufanye uamuzi ukiwa chini. Piga picha ya mti mzima kutoka pande mbili, funga kitambaa chekundu kwenye kila tawi unalokusudia kuliondoa, kisha rudi nyuma hadi mahali unapouona mti wote na ujiulize ungeonekanaje bila matawi hayo. Utajikuta unafungua baadhi ya vitambaa. Ukiinua matawi ya chini ili gari au watu wapite, hakikisha sehemu yenye majani inabaki kuwa kama theluthi mbili ya kimo chote cha mti. Tena usisafishe vitawi vyote vya ndani ukaacha majani nchani tu: tawi la namna hiyo huyumba vibaya kwenye upepo kwa kuwa uzito wote umehamia mwisho wake.

Hatua ya tatu: chagua majira

Miti inayochanua kwenye matawi yaliyokomaa ikatwe mara tu maua yanapodondoka, ili ipate msimu mzima wa kukuza matawi yatakayobeba maua ya mwaka unaofuata. Mkrismasi wa Pwani huchanua kuelekea mwisho wa mwaka, na jina lake linatokana na hilo, kwa hiyo wakati wake ni mwanzoni mwa mwaka, kabla ya masika: jeraha linakuwa kavu, na mvua za Machi hadi Mei zinachochea ukuaji mpya. Mjakaranda wa Nairobi na Arusha hufikia kilele chake kati ya Septemba na Novemba. Ukiukata Julai au Agosti umeondoa ncha zilizokuwa zinajiandaa kuchanua.

Bogonvilia na tekoma, kwa kuwa zinategemea machipukizi mapya, zikatwe kwa nguvu mvua zinapokaribia. Zitakua wakati wa masika, na kiangazi kifuatacho kitazikuta zimejaa vitawi vilivyo tayari. Mfrangipani ukatwe wakati wa ukame pekee, kwa sababu mkato wake mnene wenye maji huoza kwenye unyevu. Kwa wakazi wa Dodoma, Iringa au Mbeya, ambako mvua ni za msimu mmoja, kanuni ni zile zile: tazama mti wako unachanua lini na mvua zako zinaanza lini, kisha uhesabu kuanzia hapo.

Tawi lililokufa, lililovunjika au lenye ugonjwa huondolewa wakati wowote. Kabla ya kuanza, kagua kama kuna kiota chenye makinda, mzinga wa nyuki au nyoka aliyejilaza kwenye majani mazito. Kiota kikiwa na makinda, subiri wiki chache.

Hatua ya nne: vifaa

Mkasi wa bustani unatosha kwa vitawi visivyozidi kipenyo cha sentimita 2, mkasi wenye mikono mirefu hufika hadi sentimita 4 hivi, na zaidi ya hapo tumia msumeno wa kupogolea. Panga liache stoo. Hata likiwa kali kiasi gani, hupasua gome na kuacha mkato wenye nyuzi zilizochanika, na mara nyingi hujeruhi tawi la jirani. Futa makali ya vifaa kwa spiriti unapotoka mti mmoja kwenda mwingine, na baada ya kila mkato kama mti una dalili za ugonjwa. Utomvu mweupe wa mfrangipani huwasha ngozi na kuumiza macho, kwa hiyo miwani ya kujikinga na glavu ni vya lazima.

Hatua ya tano: mkato wenyewe

Tazama kwa karibu mahali tawi linapoungana na shina. Upande wa juu, kwenye kona ya ndani, utaona mstari wa gome lililokunjamana. Upande wa chini utaona uvimbe mdogo, kana kwamba tawi limevaa kola. Uvimbe huo, tuuite shingo ya tawi, ni sehemu ya shina, na ndani yake mna tishu ambazo mti huzitumia kuujengea uozo ukuta. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo ili aone uozo ulisafirije ndani baada ya kukatwa. Alichokionyesha ni kwamba mti haurekebishi mbao iliyojeruhiwa. Huifungia ndani na kukuza mbao mpya juu yake. Shingo ikikatwa, sehemu ya uwezo huo imekatwa nayo. Kwa hiyo mkato upite nje kidogo ya shingo, usilandane na shina, wala usiache kigutu.

Chukua mfano wa tawi la mkrismasi lenye kipenyo cha sentimita 8, lililoelekea juu ya bati. Ukilikata mara moja kutoka juu, litaanguka kabla msumeno haujamaliza na litachuna ukanda wa gome kushuka shinani. Badala yake, lifunge kwanza kwa kamba imara iliyopitishwa juu ya tawi jingine lenye nguvu zaidi, mtu mwingine akiishika kamba hiyo akiwa amesimama kando, si chini ya tawi. Mkato wa kwanza uwe upande wa chini, umbali wa kama sentimita 30 kutoka shinani, ukiingia robo hadi theluthi ya unene. Mkato wa pili uwe upande wa juu, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza kuelekea nchani, hadi tawi likatike na kushushwa taratibu kwa kamba. Sasa umebaki na kipande kifupi kisicho na uzito. Kishike kwa mkono mmoja na ukate kwa mara ya tatu nje kidogo ya shingo, kuanzia karibu na mstari wa gome lililokunjamana, ukifuata mwinuko wa shingo yenyewe.

Usipake rangi, lami wala oili chafu kwenye jeraha. Havizuii uozo, na vinaweza kuufungia unyevu ndani. Rudi ulitazame jeraha baada ya miezi michache. Gome jipya likiwa limeota kama pete kamili kuzunguka mkato, ulikata mahali panapostahili. Likiwa limeota pande mbili tu na kukosekana juu na chini, ulikata karibu mno na shina, na mkato unaofuata usogezwe nje kidogo.

Unapotaka kulifupisha tawi bila kuliondoa, likate hadi kwenye tawi dogo la pembeni ambalo kipenyo chake si chini ya theluthi moja ya kipenyo cha lile unaloliondoa. Tawi hilo litachukua uongozi, litavuta maji na chakula kupitia hapo, na machipukizi wima hayatakuwa mengi. Kuhusu upana, jeraha lisilozidi sentimita 5 hufungwa na mti wenye afya bila shida kubwa. Likizidi sentimita 10, tafuta njia nyingine kwanza: pengine kulifupisha tawi kunatosha, pengine ni kulitegemeza, pengine ni kuhamisha taa au tangi la maji.

Nyaya za umeme si kazi ya mwenye nyumba wala ya kijana mwenye ngazi. Toa taarifa kwa shirika la umeme la mahali ulipo, na usiguse tawi lililokaribia waya hata kama unaambiwa umeme umekatika.

Mti mchanga ndiko kazi kubwa iliko

Mkato wa sentimita 2 unaofanywa mti ukiwa na miaka mitatu huzuia mkato wa sentimita 20 miaka ishirini baadaye, na gharama yake ni dakika kumi. Mwaka wa kupanda, ondoa vilivyovunjika tu; mti unahitaji kila jani ili ujenge mizizi. Kuanzia mwaka wa pili, chagua kiongozi mmoja aliyenyooka. Kama mashina mawili yanashindana kwa unene na kimo, mfupishe mmoja kwa nusu ili abaki nyuma. Mwaka unaofuata umwondoe au umfupishe tena. Yatazame hasa mashina yaliyobanana kwa umbo la V na gome limekunjwa ndani ya kona, kwa kuwa kona ya namna hiyo haina mshikamano na ndiyo inayopasuka mkrismasi unapofikia umri wa kutoa kivuli kizuri.

Matawi ya chini yasiondolewe yote mapema. Yanalisha shina na kulinenepesha, pia hulikinga na jua. Yafupishe ili yasinenepe, kisha uyaondoe machache kila mwaka mpaka shina liwe wazi hadi kimo unachokitaka, labda mita 2.5 mahali pa kupita watu. Matawi ya kudumu yapishane kwenye shina, yasitoke yote mahali pamoja.

Baada ya kukata

Mwagilia mti kwa kina kama ni kiangazi na weka matandazo ya majani makavu chini, bila kuyarundika kwenye shina. Usiharakishe kuweka mbolea yenye naitrojeni nyingi. Itachochea machipukizi wima unayojaribu kuyaepuka. Baada ya wiki sita hadi nane pitia mikato yako. Machipukizi yasiyotakiwa yakiwa bado laini yanang'oka kwa kidole gumba, nayo yaking'olewa hivyo hurudi kwa uchache kuliko yakikatwa kwa mkasi.

Ukimwajiri fundi, mwelekeze kwa maneno yasiyo na utata. Ukisema "punguza mti" utakuta vigutu. Mwonyeshe vitambaa ulivyovifunga, mwambie hakuna kukata kichwa, na mwambie msumeno upite wapi kwenye shingo. Mlipe kwa siku au kwa matawi mliyokubaliana. Anayelipwa kwa wingi wa kuni anazochukua atakuwa na sababu ya kukata zaidi.

Mti uliokwisha kukatwa kichwa

Wengi watausoma mwongozo huu wakiwa tayari na mjakaranda au mkrismasi wenye vigutu uani, na mti huo si lazima uhukumiwe kufa. Mwaka wa kwanza usikate kitu chochote isipokuwa kilichokufa, kwa kuwa machipukizi yote yanahitajika kulipa akiba iliyopotea. Mwaka wa pili, kwenye kila kigutu teua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, yanayoelekea nje na yaliyoachana, kisha uyafupishe yaliyobaki hadi nusu bila kuyang'oa yote kwa pamoja. Mwaka wa tatu ondoa yale uliyoyafupisha, na umwache kiongozi mmoja kwa kila kigutu, pamoja na msaidizi mmoja ikiwa kigutu ni kipana. Mbao iliyokufa juu ya chipukizi lililoteuliwa ikatwe kwa mshazari bila kuigusa mbao hai. Maua huanza kurudi kadiri viongozi hao wanavyopunguza mbio za kwenda juu na kuanza kutoa matawi ya pembeni.

Gonga shina kwa mpini wa nyundo na uchunguze vigutu kwa kijiti. Kijiti kikizama ndani sana, au uyoga ukiwa unaota kwenye shina, au mchwa wamejenga njia kuelekea ndani, mwite mtu anayeifahamu miti aukague kabla mtoto hajatundika bembea hapo. Ikibidi uondolewe, mrithi wake apandwe mbali na nyumba, ukuta na shimo la maji taka, na kwa mkrismasi, ambao mwavuli wake na mizizi yake ya juujuu hutanda sana, ni busara kuacha mita 8 hadi 10.